"Mama, Huo Ni Uchawi?"

Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulizungumza juu ya sala ya familia wakati wa jioni, na jinsi watoto wanavyosinzia kabla baba hajafika kwenye amina. Baada ya mazungumzo yale mama mmoja aliniuliza swali ambalo nimeona nisimjibu peke yake, kwani najua wengi tunalo.

"Mwanangu wa miaka minane," alisema, "anaangalia mazingaombwe kwenye simu ya kaka yake. Sarafu inapotea, karata inageuka, njiwa anatoka ndani ya kofia. Kwenye sala hatulii hata dakika mbili, lakini mbele ya mambo yale hata kukohoa hakohoi. Je, nitakuwa nimefanya dhambi nikijifunza mawili matatu ili nimfundishe Neno la Mungu?"

Jibu langu fupi ni kwamba si dhambi. Lakini jibu fupi halitoshi, kwa sababu mimi mwenyewe nilishafanya hivyo na nikakosea vibaya sana, tena kanisani, mbele ya watoto zaidi ya thelathini. Nitakusimulia.

Kwanza tukumbushane jambo. Wewe uliyesoma shule ya msingi miaka ya 1980 bila shaka unawakumbuka watu wa mazingaombwe waliokuwa wakipita mashuleni. Shuleni kwetu alikuja mmoja mwenye sanduku la bati na koti jeusi. Mwalimu mkuu alitukusanya chini ya mwembe, kila mmoja na shilingi yake mkononi. Yule bwana alitafuna karatasi akatoa mdomoni utepe mrefu wa rangi nyingi. Alitoa yai nyuma ya sikio la mwenzetu. Mwisho alikunja vipande vya karatasi nyeupe, akavipulizia, vikawa noti. Tulipiga kelele mpaka kuku wa mwalimu wakatawanyika. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini mtu anayeweza kutengeneza noti kwa pumzi anahangaika kukusanya shilingi shilingi za watoto wa shule!

Tulirudi nyumbani tukiamini kwamba ana majini ndani ya lile sanduku. Kwa wiki nzima hatukuthubutu kucheza chini ya ule mwembe. Wala hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba ule ulikuwa wepesi wa mikono tu. Siwalaumu, huenda nao hawakujua. Lakini ukimya ule ulituharibia kitu. Namfahamu mmoja wetu wa darasa lile ambaye akiwa mtu mzima, mwenye mke na watoto, alimpelekea tapeli fedha za ada ili zizaliane ndani ya chungu. Alirudishiwa chungu kikiwa kimejaa magazeti yaliyokatwa vizuri kwa ukubwa wa noti.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema tuwafungie watoto wasione mazingaombwe kabisa. Watayaona tu, kama si kwenye simu basi stendi ya mabasi. Na siku hizi, tuseme ukweli, hata mimbarini wapo wanaofanya ujanja wa mikono na kuuita muujiza. Mtoto aliyekwisha kuona kwa macho yake jinsi kitu kinavyofichwa ni vigumu kumtapeli akikua.

Je, Biblia inasemaje? Wote tunaijua Kumbukumbu la Torati sura ya 18, mahali uganga na uchawi vinapokatazwa bila kuzunguka. Tunamjua pia Simoni wa Samaria katika Matendo ya Mitume sura ya 8, aliyewashangaza watu kwa muda mrefu mpaka wakadhani ana uwezo wa Mungu. Kosa la watu hawa halikuwa kuchezesha vidole. Walijidai kuwa na nguvu kutoka mahali fulani, wakawaweka watu chini ya hofu yao. Kwa upande mwingine, manabii walifundisha kwa vitu vinavyoonekana: Yeremia na mshipi wa kitani ulioharibika, Yeremia tena na gudulia lililovunjwa mbele ya wazee, Ezekieli na tofali aliloambiwa achore mji juu yake. Bwana wetu naye aliomba sarafu ya kodi na kuuliza sura iliyopo ni ya nani. Kwa hiyo kumwonyesha mtoto kitu, kisha kumwambia neno, ni jambo la zamani na ni jema.

Hofu ya kuonekana mchawi nayo si geni, wala si ya Afrika peke yake. Kaskazini mwa Italia, mwaka 1815, alizaliwa Yohane Bosco, ambaye ndugu zetu Wakatoliki wanamfahamu kama Don Bosco. Shule za ufundi za shirika lake la Wasalesiani zipo hata hapa kwetu, Dodoma na Iringa. Baba yake alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili, akalelewa na mama yake, Margherita, mwanamke mkulima asiyejua kusoma. Kijana huyu aliwatazama kwa makini wacheza mazingaombwe kwenye magulio, akarudi nyumbani akajaribu mpaka akaweza. Siku za Jumapili aliwakusanya majirani uwanjani kwao. Kiingilio chake hakikuwa fedha. Kwanza wasali, kisha wamsikilize akirudia mahubiri ya padre ya asubuhi ile, ndipo afunge kamba mtini na kutembea juu yake. Aliyegoma kusali alifukuzwa. (Nimejaribu kufikiria kama mimi ningemruhusu mwanangu kutembea juu ya kamba. Mama Margherita alikuwa na moyo!)

Baadaye, akiwa mwanafunzi katika mji wa Chieri, mambo yalimgeukia. Mwenye nyumba alimopanga alifunua sahani ya kuku aliyepikwa, akaruka jogoo mzima. Akaingiwa na hofu. Habari zikafika kwa mapadre, na kijana akaitwa na padre mmoja mwenye cheo ili aeleze anapata wapi uwezo ule. Bosco akaomba dakika tano za kujibu, na akamwuliza padre ni saa ngapi. Padre akatia mkono mfukoni, saa haipo. Kijana akaomba basi sarafu moja. Padre akatafuta mfuko wake wa fedha, nao haupo. Padre akakasirika, sasa akiwa na hakika kwamba mbele yake yupo mtumishi wa shetani. Ndipo kijana akamweleza kwa upole: "Nilipoingia ulikuwa unampa maskini sadaka, ukasahau mfuko wako hapo unapopigia magoti. Ulipoingia chumba cha pili uliacha saa mezani. Nimevichukua vyote na kuvificha chini ya kifuniko cha taa." Padre akacheka, na kesi ikaisha. Kisa hiki Don Bosco alikisimulia mwenyewe katika kumbukumbu zake.

Angalia alichofanya, mama mwenzangu. Hakutoa mahubiri juu ya tofauti ya uchawi na mchezo. Alionyesha siri yake papo hapo. Mchawi hawezi kufanya hivyo, kwani akiionyesha siri, kazi yake imekwisha. Laiti ningalikijua kisa hiki kabla ya ile Jumapili yangu!

Wakati ule nilikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili na somo lilikuwa mikate mitano na samaki wawili. Nilitaka somo likumbukwe. Nikachukua kikapu cha ukindu, nikashona ndani yake kitambaa cha rangi ileile kiwe kama sakafu ya pili, na chini yake nikaweka maandazi madogo ishirini. Juu nikaweka matano. Watoto wakaona matano kwa macho yao, wakayahesabu kwa sauti. Nikafunika kikapu kwa khanga, tukaomba, nikapitisha mkono chini ya kitambaa na kuanza kugawa. Moja, mawili, matano, kumi! Kelele zilizotoka ndani ya darasa lile zilimfanya mzee wa kanisa aje kuchungulia mlangoni. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa furaha. Nilijiona mwalimu kweli kweli.

Jioni nilikuwa nasonga ugali. Mwanangu wa kiume, wakati huo ana miaka saba, alikuwa amekalia kile kikapu nje ya mlango wa jiko. Nikamsikia akimwita dada yake kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo. "Njoo uone! Kumbe kuna kitambaa. Kumbe hata Yesu aliyaficha chini."

Mwiko ulisimama mkononi mwangu.

Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa amefikiri sawasawa kabisa. Mwalimu amesema hivi ndivyo Yesu alivyofanya, na hivi ndivyo mwalimu alivyofanya, na ndani ya kikapu kuna kitambaa. Mimi mwenyewe, kwa uzi na sindano yangu, ndiye niliyemfundisha mtoto wangu kwamba Bwana alikuwa na kikapu cha ujanja.

Na hao walikuwa wawili tu walioujua ukweli. Wengine zaidi ya thelathini walikwenda majumbani mwao wakisema mwalimu ameongeza maandazi. Katikati ya wiki mzazi mmoja alimwendea mzee wa kanisa kulalamika kwamba kuna uchawi unafanyika kwenye darasa la watoto. Nilipoitwa nilitaka kukasirika, lakini ningekasirika kwa lipi? Yule mama alikuwa amesema kweli zaidi kuliko alivyojua. Nilikuwa nimewaacha watoto waamini nina nguvu nisiyokuwa nayo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda na kikapu kilekile. Nilikipindua mbele yao, nikawaonyesha kitambaa, nikamwita kila mmoja atie mkono. Nikawaambia: "Mimi niliwachezea mchezo, na sikuwaambia ni mchezo. Naomba mnisamehe. Yesu hakucheza mchezo. Wale watu walikuwa na njaa, wakala wakashiba." Msichana mmoja mkubwa akaniuliza, "Tutajuaje kwamba yeye hakuficha?" Nikamwambia afikiri: wanaume peke yao ni kama elfu tano, wapo nyikani, na mabaki vikapu kumi na viwili. Kitambaa kikubwa kiasi gani kitaficha hiyo? Watoto walicheka, tukaendelea. Lakini nakiri kwamba swali lake lilikuwa gumu kuliko nilivyojionyesha siku ile, na lilikuwa swali ambalo lisingeulizwa kamwe kama ningesimulia tu habari ile kwa mdomo, kama bibi zetu walivyotusimulia.

Tangu hapo nina sharti mbili na sizivunji. Muujiza wa Bwana siuigizi kwa mazingaombwe, hata uwe rahisi namna gani. Divai ya Kana siigusi, fimbo ya Musa siigusi, na fuvu la kaburi tupu ndilo kabisa silikaribii. Pili, hakuna mtoto anayeondoka bila kuijua siri na kuifanya kwa mikono yake mwenyewe. Kwa walio chini ya miaka sita hivi, naonyesha siri kwanza, kisha mchezo. Wadogo hao ni rahisi kuchanganya kweli na mchezo, na hatuna haki ya kuwachanganya zaidi.

Sasa utaniuliza, basi kimebaki nini cha kufanya? Kimebaki kingi, tena cha jikoni.

Chukua sahani nyeupe, weka maji, nyunyizia juu yake pilipili manga iliyosagwa mpaka ifunike uso wote wa maji. Mwambie mtoto achovye kidole katikati. Hakuna kitakachotokea, ila kidole kitatoka na pilipili. Sasa mpe tone la sabuni ya maji ncha ya kidole, au apake tu sabuni ya kipande, achovye tena. Pilipili itakimbia yote kwa mara moja mpaka ukingoni mwa sahani. Sababu ni kwamba uso wa maji umejivuta kama ngozi ya ngoma iliyowambwa, na sabuni inailegeza pale katikati, hivyo ngozi inavutika kuelekea pembeni na kuchukua pilipili pamoja nayo.

Wapo wanaofundisha kwa mchezo huu kwamba dhambi inamkimbia Yesu. Sioni ubaya, ingawa kumfanya Bwana kuwa sabuni hakunifurahishi. Mimi nilijifunza matumizi mengine bila kukusudia. Binti yangu alikuwa amewatangazia wanafunzi wenzake kwamba mtoto wa jirani yetu bado anakojoa kitandani. Siri hiyo aliambiwa na rafiki mwenyewe. Yule mtoto akakataa kwenda shule siku mbili. Mama yake alipokuja kwangu nilitamani ardhi inimeze. Jioni nikamwita binti yangu mezani, tukafanya pilipili. Akafurahi, akachovya, ikakimbia. Nikamwambia, "Sasa irudishe." Akajaribu kwa kidole. Akajaribu kwa kijiko. Akapuliza kutoka ukingoni. Ukishatia sabuni, mama, pilipili ile haifuniki tena sahani kama mwanzo. Sharti umwage maji, usuuze sahani, uanze upya. Alihangaika kama dakika kumi, mimi nipo kimya nachambua mchele. Kisha akaniuliza bila kuniangalia, "Kwa hiyo nikamwambie nini?" Tukafungua Yakobo sura ya 3, tukasoma habari za ulimi, na kesho yake asubuhi tulikwenda wote wawili kwa jirani kabla ya shule.

Mchezo wa yai ni mfupi na unafaa kwa walio wadogo. Glasi mbili kubwa za maji, moja ya maji matupu na nyingine umekoroga vijiko vitatu vikubwa vya chumvi au zaidi, mpaka chumvi iyeyuke. Yai litazama katika ya kwanza na kuelea katika ya pili, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi. Mathayo 5 inaingia hapo yenyewe, habari za kuwa chumvi. Ila hakikisha yai ni bichi na jipya! Yai viza huelea hata kwenye maji matupu, nawe utaaibika mbele ya wanao kama nilivyoaibika mimi.

Upo mchezo mmoja ambao ni maarufu sana kwa walimu wa watoto, nami niliufanya kwa miaka miwili kabla ya kuuacha. Unatia matone ya iodini, ile dawa ya vidonda ya rangi ya kahawia, kwenye glasi ya maji. Maji yanakuwa kama chai ya rangi. Hiyo ni dhambi. Kisha unamimina maji uliyoyeyushia kidonge cha vitamini C, unakoroga, na glasi inakuwa nyeupe pe. Unasoma Isaya 1:18, na darasa zima linashangaa. Nilipenda kwamba hakuna rangi nyeusi ndani yake. Kuna mafundisho ya rangi yanayotumika duniani tangu mhubiri Charles Spurgeon alipoeleza kule London mwaka 1866 juu ya kitabu kisicho na maneno, chenye kurasa tatu, nyeusi, nyekundu na nyeupe. Nyeusi ni dhambi. Sina ugomvi na marehemu Spurgeon, lakini mimi sitamwambia mtoto mweusi kwamba weusi ni dhambi. Nikitaka kusema uchafu natumia tope, na tope tunalo la kutosha.

Basi siku moja, baada ya glasi kutakata, mtoto akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama yamesafishwa, tunaweza kunywa?" Nikasema hapana, hapana kabisa, iodini ni sumu ukiinywa. "Lakini si imetoka?" Haikutoka, mama mwenzangu. Vitamini C imeigeuza tu isionekane. Imo ndani ya glasi vilevile. Na msamaha wa Mungu si wa namna hiyo. Mwenye kuficha uchafu ili usionekane ndiye yule yule Bwana aliyemkemea katika Mathayo 23, makaburi yaliyopakwa chokaa. Nilikuwa nimefundisha kinyume cha nilichokusudia kwa miaka miwili. Tena fikiria hatari yenyewe: glasi ya maji yanayong'aa mezani, mtoto mwenye kiu, na mama amegeuka kidogo. Wengine huifanya kwa dawa ya kutakatisha nguo, na hiyo ni mbaya zaidi. Nakuomba uache. Kama unataka kufundisha Isaya 1:18, chukua sare ya shule yenye tope, beseni, sabuni na mtoto mwenyewe, mfue pamoja.

Nimeuweka mwisho ule ninaoupenda kuliko yote, nao hauhitaji chochote ila gazeti la zamani, mkasi na gundi. Gundi ya uji wa unga wa ngano inatosha.

Kata kanda tatu za gazeti, kila moja upana wa vidole vitatu, ndefu kadiri gazeti linavyoruhusu. Ukanda wa kwanza unganisha ncha zake kama bangili, bila kuupinda. Wa pili, kabla ya kubandika, geuza ncha moja mara moja tu, upande wa chini uje juu. Wa tatu geuza ncha mara mbili, yaani mzunguko kamili, ndipo ubandike. Acha zikauke vizuri. Kwa mbali zote tatu zinafanana. Sasa toboa katikati ya upana wa ukanda na ukate kwa mkasi kuzunguka mpaka urudi ulipoanzia.

Wa kwanza utatoa bangili mbili zilizoachana, kama kila mtu anavyotegemea. Wa pili, ingawa umeukata wote, hautaachana. Utakuwa duara moja refu mara mbili ya lile la mwanzo. Wa tatu utatoa maduara mawili, lakini yameshikana kama pete za mnyororo, na huwezi kuyatoa bila kuchana. Jaribu kwanza mchana watoto wakiwa shule, maana hutaamini mpaka ufanye. Huu si ujanja wa mikono hata kidogo. Ni hesabu. Ule ukanda wa pili una upande mmoja tu. Ukiuchora mstari kwa kalamu bila kuinua mkono utaurudia mahali ulipoanzia ukiwa umepita kotekote. Wataalamu wa Ujerumani, August Möbius na Johann Listing, waliueleza mwaka 1858.

Nilijifunza mchezo huu mwaka ambao mume wangu alihamishiwa kazi Mpanda nasi tukabaki Morogoro, kwa sababu ya shule za watoto na mama mkwe wangu aliyekuwa mgonjwa. Wakati huo mtu hakusafiri Mpanda na kurudi kwa mwisho wa wiki. Mwezi wa kwanza watoto walistahimili. Mwezi wa tatu yule mdogo, aliyegundua kitambaa, alianza kuamka usiku. Shuleni mwenzake alimwambia kwamba baba akienda mbali anapata watoto wengine. Nilimwambia si kweli. Nilimwambia mara nyingi. Maneno yangu yalimwingia sikio moja na kutoka jingine, na kwa kweli, zipo usiku ambazo hata mimi niliyasema kwa sauti tu.

Jumamosi moja ya mvua nilitoa magazeti. Nikamwachia yeye mkasi. Akakata ukanda wa kwanza, ukaachana. Nikamwambia huu ni watu waliokaa tu karibu karibu. Ukija mkasi, kila mmoja na njia yake. Akaanza wa pili. Alipofika nusu alisita. "Unakatika, mama," akasema, na nikaona midomo yake imebadilika. Nikamwambia amalizie. Alipomaliza akaunyanyua, ukashuka mpaka sakafuni, mzima, duara moja refu kuliko urefu wake. Akautazama kwa muda. Akautia mwilini kama mtu anayevaa gauni. Nilikuwa nimetayarisha Warumi 8 kutoka mstari wa 35, nikasoma, habari za mambo yote yasiyoweza kututenga na upendo wa Kristo, na nadhani aliisikia, ingawa mikono yake ilikuwa tayari inatafuta gazeti jingine. Kisha nikamwonyesha siri, kwamba yote yamo katika kupinda kabla ya gundi.

Bibi yao alikuwa akitazama kutoka kwenye mkeka wake. Aliomba aletewe mkasi naye ajaribu. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka na ukanda wake uliparaganyika, tukampindia mwingine mpana zaidi.

Baba yao alikuja likizo mwezi wa Desemba. Kabla hajavua viatu alikuta mezani gazeti, mkasi na kibakuli cha uji wa ngano. "Baba, kata hapa," mwanawe akamwambia, "usiogope, endelea tu mpaka mwisho." Akakata. Alipoinua lile duara akanitazama mimi, kisha akamwuliza mtoto kama mama amemfundisha uchawi. Yule akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akavuta kiti karibu na cha baba yake, akachukua ukanda mpya, na kumshika mkono kumwonyesha namna ya kuupinda.